Ramani ya Udongo ya Mwalimu Kornelio

Mwalimu Kornelio Machaba alikuwa na tabia ya kucheka kabla hajamaliza kusimulia kichekesho chake. Akifika katikati tu, tumbo linaanza kutikisika, machozi yanamlengalenga, na maneno yaliyobaki yanazama humo humo kwenye kicheko. Wanafunzi wake wa shule ya kati kule Nyarero walimzoea. Walicheka naye, kisha wakaulizana baadaye ni nini hasa kilichochekesha.

Alikuwa mtu wa Ikoma, mrefu, mwembamba, suruali yake ya kaki ina vumbi la chaki mifukoni na vumbi la njia magotini. Baba yake alikuwa mwindaji kabla hajaajiriwa kuwa askari wa wanyama, na ndiye aliyemfundisha kuijua nchi kwa kuichora chini kwa kijiti: hapa mto, hapa kilima, hapa nyumbu hupita mvua zikikatika. Misheni ikamfundisha vitabu. Chuo cha ualimu kikampa cheti. Mwaka 1953 akapelekwa Nyarero, juu kwenye milima ya Tarime, kufundisha jiografia, historia na uraia darasa la tano na la sita. Alifika na sanduku la bati na blanketi moja, akakuta baridi ambayo kwao hakuna, akatetemeka wiki nzima.

Mwaka uliofuata akaoa. Agustina, binti wa Mzee Marwa wa kule bondeni, alikuwa anaongoza nyimbo kanisani, na Kornelio alikuwa anaimba vibaya kuliko mtu yeyote kwenye kwaya ile. Agustina alimwambia waziwazi kwamba akitaka kumchumbia, kwanza aache kuimba sauti ya tatu. Akaacha. Ng'ombe walitoka Ikoma kwa miguu, wakavuka mto, wakapanda milima, na watu wa bondeni wakasema kwamba kijana huyu, pamoja na kucheka ovyo, anajua anachokitaka.

Darasani, hata hivyo, mambo hayakumwendea alivyotaka. Kitabu cha jiografia kilichokuwapo kilizungumzia nchi za mbali, na wanafunzi walikiimba kama sala. Siku moja alisimama mbele ya darasa la sita akauliza, "Zao kuu la Kanada ni nini?"

"Ngano!" darasa zima likaitika.

"Vizuri. Mseti, ngano ni nini?"

Mseti alikuwa kijana wa mlimani, mfupi, shingo nene, mkali wa kujibu. Akasimama wima. "Ni zao kuu la Kanada, Mwalimu."

"Sawa. Lakini ukiiona, utaijuaje?"

Mseti akafikiri. "Nitakuwa nimefika Kanada, Mwalimu."

Kornelio alicheka mpaka akashika meza. Lakini jioni, akitembea kwenda nyumbani, kicheko kilimwishia njiani. Akamwambia Agustina aliyekuwa anasaga wimbi, "Mama, vijana wale wana akili kunishinda mimi. Na mimi ninawajaza maneno kama mtu anayejaza gunia."

"Basi usiwajaze," Agustina alisema, akaendelea kusaga.

Kesho yake Kornelio aliwatoa nje. Nyuma ya ghala la shule kulikuwa na uwanja mtupu ambao hata magugu yalikuwa yanaona tabu kuota. Akawaambia, "Leo tunaijenga nchi yetu hapa. Kaskazini ni kule. Shule yetu ni jiwe hili. Haya, mlima uko wapi?"

Mwanzoni walisimama tu, wakidhani ni mtego na kwamba mwisho wake ni fimbo. Kisha mmoja akasema mlima uko kule, mwingine akasema hapana, uko huku, jua la asubuhi humpiga mtu usoni akitoka kwao. Basi wakaanza. Walibeba udongo kwa karai za bustani, wakajenga milima. Walichimba mito kwa vidole, wakaitandika udongo wa mfinyanzi ili maji yasinywewe. Barabara ya kwenda Tarime waliichora kwa majivu ya jikoni. Njia za ng'ombe wakazitia mchanga. Kabla ya kuweka kitu chochote, Kornelio alikuwa anauliza, "Umejuaje?" Na ikiwa jibu ni "nimesikia," kijana alitumwa kwenda kupima kwa hatua zake, kisha arudi aseme.

Wiki mbili zilipita, na wakati wa mapumziko hakuna aliyekwenda kupumzika. Mpira ulilala chini ya mti wenyewe.

Mwalimu Mkuu, Simioni, alikuwa mtu wa nidhamu, mwenye kofia aliyoivaa hata kivulini. Alikuja akasimama kando ya ramani, mikono nyuma.

"Mwalimu Kornelio."

"Naam, Mwalimu Mkuu."

"Mtihani wa darasa la nane hautauliza habari za kilima kilicho nyuma ya ghala."

"Najua, Mwalimu Mkuu. Lakini jana Machage aliniuliza kwa nini mvua inanyesha zaidi upande huu wa mlima kuliko upande ule. Mwaka mzima nimefundisha mvua ya milima kwa kitabu, hakuna aliyeuliza."

Simioni aliitazama milima ya udongo. Kijana mmoja alikuwa anamwaga maji kwa kopo juu ya kilele, na wenzake wamelala kifudifudi wakiangalia yanavyoshuka. "Magugu kwenye bustani ya kabichi nayo yanahitaji watu," alisema, akaenda zake. Lakini hakukataza.

Kornelio akapata moyo. Alipofika kwenye somo la biashara, aligeuza darasa kuwa soko la Tarime. Wengine wawe wakulima wa wimbi, wengine wafugaji, wengine Wajaluo waliopanda kutoka ziwani na samaki wakavu na vyungu, wengine wawe wenye maduka. Ikawa vurugu, maana kila mmoja alitaka kuwa mwenye duka. Soko likawa na maduka tele na hakuna chakula. Kornelio akawaacha hivyo hivyo. Kipindi hakijaisha, wenye maduka walikuwa wanabembeleza mkulima mmoja tu aliyekubali kulima, kijana mpole ambaye siku hiyo aliringa kama chifu. Uraia nao aliufundisha namna hiyo: mmoja awe jumbe, wengine wazee wa baraza, wengine watu wenye malalamiko, na asiyesikiliza mwenzake hadi mwisho, anatolewa nje ya baraza.

Historia ndiyo iliyomletea matata.

Siku moja katika kiangazi cha mwaka 1955 aliwaambia darasa la sita, "Ijumaa mnakwenda nyumbani. Kila mmoja amuulize bibi yake au babu yake: ni nani waliofika kwanza kwenye kijito cha Mosege? Jumatatu tutaliweka jibu kwenye ramani."

Alikuwa mgeni, ingawa alikuwa ameoa pale. Hakujua amegusa nini. Kijito cha Mosege kilitoka mlimani kikashuka bondeni, na katikati yake palikuwa na mahali penye maji hata kiangazi, na udongo wa chumvi ambao ng'ombe huulamba. Watu wa mlimani walisema ni pao. Watu wa bondeni walisema ni pao. Vijana walikuwa wamewahi kupigana pale kwa mishale, na kuna makaburi pande zote mbili ambayo hayakuongelewa mbele ya mgeni.

Jumatatu wanafunzi walirudi na majibu. Mseti alisimama akasema babu yake, Mzee Mogesi, amesema watu wa mlimani ndio waliofika kwanza. Machage, kijana mrefu wa bondeni, akasema bibi yake, Wegesa, amesema watu wa bondeni walikuwa wamekwishaota mvi pale wakati watu wa mlimani hawajazaliwa. Kornelio akaandika majibu yote mawili ubaoni, kushoto na kulia, akafurahi kweli. "Mnaona? Hii ndiyo historia. Sasa tuulizane kila mmoja amejuaje."

Hawakuulizana. Walipotoka kwenda kwenye ramani, Mseti alichukua kamba ya katani akaitandaza ng'ambo ya kijito, upande wa bondeni. "Mpaka ni huu." Machage akaivuta akaihamishia upande wa mlimani. Kamba ikavutwa, mtu akasukumwa, mtu akaanguka juu ya Mlima wa Nyarero na kuubomoa. Kornelio alipofika mbio, milima ilikuwa imesagwa, mito imefukiwa, Mseti anatokwa damu puani, na Machage shati lake limebaki kola.

Simioni alikwishashika fimbo. "Hawa wawili ni wangu," alisema.

"Nakuomba, Mwalimu Mkuu. Niachie mimi."

"Utawafanya nini? Utawachekea?"

Kornelio hakucheka. Aliwatazama wale vijana wawili, mmoja ameshika pua, mwingine ameshika kola. Akasema, "Jumamosi hii, Mseti, utakwenda kwa bibi yake Machage. Utamwamkia, utakaa chini, utamuuliza habari za Mosege, na utasikiliza mpaka achoke yeye, si wewe. Machage atakupeleka na kukurudisha salama. Jumamosi ijayo, Machage, wewe unapanda kwa babu yake Mseti, naye atakupeleka."

Vijana wakatazamana kwa hofu ya kweli. Fimbo waliijua. Hiki hawakukijua.

"Mwalimu," Mseti alisema kwa sauti ndogo, "si bora tuchapwe?"

Habari za shule hazilali shuleni. Zilipofika majumbani zilikuwa zimeota miguu mingine: mwalimu wa Ikoma anachora mpaka wa Mosege, anaichorea Serikali, Bwana Shauri, Mzungu wa boma, atakuja na mnyororo wa kupimia, mwalimu ameoa bondeni, kwa hiyo mpaka ataupeleka anakotaka mkwewe. Watu wa mlimani wakasema amewauza. Na watu wa bondeni, waliosikia upande mwingine wa habari, nao wakasema amewauza.

Mzee Marwa alikuja mwenyewe nyumbani kwa binti yake. Kwa heshima ya pale, mkwe hakai karibu na baba wa mkewe, wala hawapeani mikono, wala hawasemezani uso kwa uso kama marafiki. Mzee alisimama nje ya ua, ameegemea fimbo yake, ametazama upande wa migomba. Kornelio alisimama mlangoni, ametazama dari. Agustina akabaki katikati, na mtoto wao Robi mgongoni.

"Agustina," alisema Mzee Marwa, "mwambie mume wako nimesikia ameuza Mosege."

"Anasema umeuza Mosege."

"Nimesikia," alisema Kornelio. "Mwambie kwanza shikamoo."

"Anakuamkia, tata. Shikamoo."

"Marahaba. Mwambie ng'ombe zangu hawanywi chaki."

Agustina aligeuka, akamwona mumewe ameuma mdomo, mabega yanaanza kumcheza. Akamkazia macho. Huo haukuwa wakati wa kucheka.

"Mwambie baba," alisema Kornelio alipopata pumzi, "sikumuuzia mtu kitu. Niliwauliza watoto swali. Mwambie Jumamosi baada ya zile mbili, aje shuleni. Aje na wazee wa bondeni. Na wa mlimani ninawaita pia."

Mzee Marwa alisahau adabu, akageuka akamtazama mkwewe moja kwa moja. "Wote? Mahali pamoja?"

"Anasema wote, mahali pamoja?" Agustina alisema, ingawa mwenyewe uso ulikuwa umempauka.

Mzee alipoondoka, Agustina alikaa kwenye kigoda. "Baba Robi, umewaambia watoto wakaulize. Sasa walioulizwa wote wanakuja kujibu. Ukishindwa kuwatuliza, mimi nitakimbilia wapi? Kwa baba, au Ikoma?"

 Usingizi ulimpaa Kornelio siku kadhaa. Simioni alimwambia wazi kwamba damu ikimwagika kwenye uwanja wa shule, hatamtetea kwa mtu yeyote, si kwa misheni wala kwa mkaguzi.

Jumamosi ya kwanza Mseti alikwenda bondeni. Jumamosi ya pili Machage alipanda mlimani. Walipotakiwa kueleza yaliyotokea huko, wote wawili walikuwa wazito. Mseti alisema tu kwamba alipewa mtindi, na kwamba bibi yule anaongea sana.

Siku ya baraza ilipofika, wazee walikuja mapema. Silaha waliziacha kwa jumbe, njiani, isipokuwa fimbo zao za kutembelea, ambazo nazo hazikuwa nyembamba. Watu wa mlimani walikaa kulia, wa bondeni kushoto, na katikati wakaacha njia pana ambayo hakuna aliyetaka kuikanyaga. Ramani ilikuwa imejengwa upya. Kamba ya katani ilikuwa imekunjwa juu ya jiwe. Bibi Wegesa, ambaye hakualikwa na mtu, alikuja na kiko chake akakaa kwenye majani mbele ya wanaume wote, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwondoa.

Kornelio aliwaamkia, akawashukuru, kisha akasema, "Wazee wangu, mimi sina neno juu ya Mosege. Mimi ni mgeni. Vijana wenu ndio wana maneno. Leo kijana wa mlimani atasema kwa niaba ya bondeni, na kijana wa bondeni atasema kwa niaba ya mlimani. Tunawaomba msiwakatize. Hiyo ndiyo sheria ya baraza letu."

Manung'uniko yakapita kulia na kushoto. Mseti akasimama. 

"Mimi ni mtu wa bondeni," alianza, na wenzake wa darasa wakaguna. "Bibi yetu Wegesa anasema, wazee wetu walipofika hapa, Mosege ilikuwa tope tu. Walichimba kwa mikono, wakatoa mawe, mpaka maji yakasimama. Mtoto mmoja aliangukiwa na ukingo akafa humo. Bibi anamtaja jina lake mpaka leo, kwa kuwa alikuwa kaka yake." Akageukia upande wa kulia. "Na mwaka wa nzige, wakati mlimani hapakubaki jani, watu wa mlimani walishuka na ng'ombe waliobaki ngozi. Wazee wetu wangeweza kuwafukuza. Waliwaambia: nyinyi nywesheni asubuhi, sisi tutanywesha jioni. Ikawa hivyo hadi mvua zikanyesha. Bibi anauliza, mbona hilo halisimuliwi mlimani?"

Upande wa kulia, mzee mmoja aliinuka taratibu. Alikuwa Mzee Mogesi, babu yake Mseti. 

"Nani amemwambia mtoto huyu habari za nzige?"

"Ni mimi," alisema Bibi Wegesa bila kutoa kiko mdomoni. "Na mtindi nilimpa vibuyu viwili. Hilo hakulisema."

Mzee Mogesi aliendelea kusimama. Alimtazama mjukuu wake, akatazama chini. "Aliyekuwa anachunga hao ng'ombe waliobaki ngozi ni mimi," alisema. "Nilikuwa kama huyu Mseti. Ni kweli tulinywesha asubuhi." Akakaa. 

Ndipo Machage akasimama, mrefu kama mlingoti, sauti yake ikipanda na kushuka kama ya kijana anayebalehe. Akasema yeye ni mtu wa mlimani. Akasema wao ndio waliokaa juu kwenye miamba, kwenye baridi, na walipoona wezi wa ng'ombe wakitokea mbali walipiga yowe, na yowe lile liliwaamsha watu wa bondeni pia. "Mzee Mogesi ana kovu begani," alisema. "Nimelishika kwa mkono wangu, aliniambia nilishike. Alichomwa mshale akilinda ng'ombe ambao hawakuwa wa kwao. Walikuwa wa bondeni. Sisi watu wa mlimani tunauliza, aliyetoa damu yake kwa ng'ombe wenu, mnamnyima maji?"

Mzee Marwa alikuna kidevu chake, akakuna tena. Mtu mmoja wa bondeni alisema kwa sauti ya chini, "Ng'ombe wale walikuwa wa baba yangu."

Huko nyuma, Simioni aliyekuwa amesimama na kofia yake kama askari wa zamu, alishindwa kujizuia. "Lakini mbona hakuna aliyesema mpaka wenyewe uko wapi?"

"Hatujui, Mwalimu Mkuu," Mseti alijibu. "Bibi hakusema. Na babu yangu, nilipomuuliza tena, alinifukuza."

Kicheko kilitokea upande wa kulia, kikavuka ile njia pana, kikashika upande wa kushoto. Mzee Mogesi mwenyewe alicheka, kikavu, kama mtu aliyesahau namna ya kucheka. Kornelio hakucheka. Alikuwa anapangusa macho kwa mkono wenye chaki, na uso ukawa mweupe kama wa mtoto aliyeanguka kwenye unga.

Wazee wakakaa kando, wakaongea kwa muda mrefu. Walipomaliza, Mzee Mogesi alisema, "Mwalimu, kamba hiyo iondoe. Kwenye ramani ya watoto tusiweke kamba." Wakakubaliana kwamba kiangazi kile watanywesha kwa zamu, kama mwaka wa nzige. Baada ya hapo, badala ya kwenda nyumbani, waliizunguka ramani. Mzee mmoja alitaka kuonyeshwa nyumba yake. Mwingine akasema kilima chao kimefanywa kidogo mno, akaanza kuongeza udongo kwa mkono, jirani yake akamwambia apunguze, na watu wazima wale wakabishana juu ya vichuguu hadi jua likaegemea magharibi.

Ugomvi wa Mosege haukuisha siku ile. Miaka miwili baadaye ng'ombe waliibwa, watu wakashika mishale, na ilibidi jumbe aitwe. Lakini hata wakati huo wazee walituma kwanza vijana wao waliosoma darasa moja wakaonane pale majini, na vijana wale walijua kila mmoja amezaliwa na nani, na bibi ya nani anaongea sana.

Darasa lile lilipofanya mtihani wa darasa la nane, halikufanya maajabu. Walifaulu kama madarasa mengine, pengine kidogo zaidi. Mkaguzi alipokuja aliitazama ramani ya udongo, akauliza kama imo kwenye mtaala, na Simioni, kofia mkononi, akamjibu bila kupepesa, "Ndiyo, Bwana. Ipo." Kornelio aligeukia ukutani ili asionekane uso.

Kabla ya mtihani huo, mwaka 1957, aliomba ruhusa kuwapeleka wanafunzi wa darasa lile Ikoma. Ramani ilikuwa imefika ukingoni mwa uwanja, na swali la kila siku likawa, "Baada ya hapa kuna nini?" Mfanyabiashara mmoja wa Tarime alikuwa anapeleka mzigo upande huo, akakubali kuwabeba juu ya magunia. Asubuhi ya safari, walipofika kwenye lori, walimkuta Mzee Mogesi amekwishapanda, amekaa juu ya gunia la chumvi na blanketi lake.

"Babu, hii ni safari ya wanafunzi," alisema Kornelio.

"Mura, kijana wangu, na mimi nina swali," alisema mzee, na hapakuwa na namna ya kumshusha.

Walivuka Mto Mara kwa kivuko, vijana wakabishana kama maji yale yalikuwa na tone la Mosege ndani yake. Wakaingia nchi tambarare ambayo hakuna kati yao aliyewahi kuiona. Nyumbu walikuwa wametapakaa hadi macho yanapochoka, na Mseti, mtoto wa wafugaji, aliuliza bila utani wowote ni wa nani wote hao. Kornelio alijaribu kumjibu, akaanza kucheka, akashindwa kufika mwisho.

Nyumbani Ikoma, mama yake Kornelio, Nyangi, aliwapokea kwa ugali na nyama, akawakalisha chini ya ukuta wenye kivuli. Kornelio alijiweka katikati awe mkalimani, maana mama yake hakujua Kiswahili kingi na Mzee Mogesi hakujua Kiikoma. Akatafsiri salamu. Akatafsiri neno la pili. Kabla hajatafsiri la tatu, mzee alikuwa amekwishalijibu. Nyangi akashtuka, akataja maji, kwa lugha yake. Mzee Mogesi akataja kwa yake. Wakataja ng'ombe, nyumba, mtoto. Maneno hayakuwa sawa kabisa, ila yalifanana kama ndugu wanavyofanana pua. Wanafunzi wakasogea, wakaanza nao kurusha maneno, huyu Kikurya, yule Kiikoma, na kila neno lililolingana likapigiwa kelele. Mkalimani akawa hana kazi. Akaenda kukaa na ugali wake.

"Sasa, Mama," aliuliza Mzee Mogesi, na hilo ndilo swali lililompandisha lori, "sisi na nyinyi, nani alimwacha mwenzake?"

Nyangi alimwangalia, akacheka kabla hajajibu. Wanafunzi wakamtazama mwalimu wao, wakajua kicheko kile alikitoa wapi.

Siku mbili baadaye Agustina alilisikia lori kabla ya kuliona, maana vijana walikuwa wanaimba tangu kule barabarani. Kornelio alishuka akiwa amejaa vumbi hadi kope, akafungua mdomo kumsalimu mtoto, sauti haikutoka. Alikuwa ameimaliza yote njiani. Agustina akampa maji ya moto yenye asali na chumvi, akamwambia kesho asiende shuleni.

Alikwenda. Aliingia darasa la tano, vijana wapya ambao hawakusafiri, akawaita wale wa Ikoma waje wakae mbele yao. Kisha akachukua chaki, akaandika ubaoni neno moja, *Simulieni*, akaenda kukaa nyuma kabisa, kwenye dawati ambalo magoti yake hayakuenea.